Miji Inayoimbwa na Wageni

BARAZANI, na Omari bin Shee

Kuna miji ambayo mtu wa Tanga au wa Bujumbura, asiyepata kuikanyaga hata siku moja, huijua kwa wimbo kabla ya kuijua kwa ramani. Na kuna mingine, mikubwa na yenye mali nyingi, ambayo majina yake hayajapata kutoka kinywani mwa mwimbaji yakavuka bahari. New York na Paris ni katika ile ya kwanza. Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma uliowatajirisha mabepari wengi wa Marekani, ni katika ile ya pili, wala simjui mtu wa pwani hii aliyepata kuuimba.

Aghalabu husemwa kwamba sababu ni uzuri, na kwamba mji huimbwa kama asifiwavyo mwanamwali. Dhana hiyo siikubali, kwani Harlem ya zama za bendi kubwa, pamoja na dhiki yake na msongamano wa watu wake, imeimbwa kuliko miji mingi yenye bustani na chemchemi. Nionavyo mimi, mji hauimbwi sana na aliyezaliwa ndani yake akatulia, bali huimbwa na yule aliye mlangoni, ama ndiyo kwanza anaingia, ama amekwisha toka na nafsi yake imekataa kumfuata.

Billy Strayhorn alikuwa kijana wa Pittsburgh hiyohiyo, na Duke Ellington alipomwita New York alimpa maelekezo ya kufika nyumbani kwake Harlem, pamoja na treni ya chini ya ardhi ya kupanda. Maelekezo hayo Strayhorn aliyageuza wimbo, Take the "A" Train, ambao bendi ya Ellington iliutia katika santuri mwaka 1941 ukawa ndio alama yake. Mwenyeji hatungi wimbo wa kuisifu treni. Mwenyeji huilaani kwa kuchelewa. Na Ellington mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Washington. Hata Frank Sinatra, ambaye sauti yake ndiyo iliyoueneza ulimwenguni ule wimbo uliotungwa kwa ajili ya sinema ya New York, New York ya mwaka 1977, alizaliwa Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson, mahali ambapo mtoto huiona Manhattan kila siku pasipo kuwa yake. Paris nayo hali kadhalika: aliyeimba mwaka 1930 kwamba ana mapenzi mawili, ya kwao na ya Paris, ni Josephine Baker, binti wa St. Louis.

Ama walioondoka, hao huimba kwa uchungu zaidi. Wimbo wa mtu aliyeuacha moyo wake San Francisco ulitungwa na marafiki wawili, George Cory na Douglass Cross, waliokuwa wakiishi Brooklyn na kuutamani mji walioutoka, ukakaa miaka bila ya kujulikana mpaka Tony Bennett, mtoto wa New York, alipourekodi mwaka 1962.

Lakini kisa kinishughulishacho kuliko vyote ni cha Buenos Aires. Wimbo mashuhuri wa kuusifu mji huo, Mi Buenos Aires querido, aliuimba Carlos Gardel katika sinema ya Cuesta abajo ya mwaka 1934, na maneno yake ni ya Alfredo Le Pera, aliyezaliwa São Paulo, Brazil. Na sinema yenyewe haikupigwa Argentina, bali katika studio za Astoria, New York, kwa fedha za kampuni ya Paramount. Mwaka uliofuata wote wawili walifariki katika ajali ya ndege huko Medellín, Kolombia, wakiwa safarini, wala mwimbaji hakurejea katika mji aliokuwa ameahidi kwa wimbo kuuona tena.

Katika kisa hicho imo sababu ya pili, ambayo washairi hawapendi kuisikia: shauku peke yake haifiki mbali, inataka matbaa, mashine na mfanyabiashara. New York ilikuwa na mtaa wa 28, ambako tangu mwishoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa nyimbo walijazana nyumba kwa nyumba, wakawaajiri watu wa kupiga piano madukani ili karatasi za nyimbo zinunuliwe. Baadaye zikaja santuri, redio na sinema, na kila kilichokuja kilimkuta mgeni mwenye wimbo yuko tayari.

Sisi tunalijua jambo hili tangu zamani. Siti binti Saad, naye si mzaliwa wa mjini Unguja bali wa kijiji cha Fumba, ilimbidi mwaka 1928 asafiri hadi Bombay ili sauti yake inaswe katika sahani za santuri, kwa kuwa sauti ilikuwa Unguja na mashine ilikuwa Bara Hindi. Léopoldville ilipata bahati nyingine: baada ya Vita vya Pili wafanyabiashara wa Kigiriki walifungua humohumo mjini nyumba za kurekodi, kama Ngoma na Loningisa, na mabaharia wa mtoni na vibarua waliotoka mikoani wakaimba humo, hata muziki wa mji ule ukachezwa Afrika nusu nzima.

Kwa hiyo sina imani kubwa na mashindano ya kutunga wimbo wa mji, yenye waamuzi, zawadi na hotuba, kwani nyimbo za namna hiyo huimbwa siku ya sherehe, na kwaya iliyolipwa. Anayetaka Dar es Salaam iimbwe asianze na mrithi wa nyumba ya Upanga. Amtazame kijana aliyeshuka juzi kutoka basi la Kigoma, au yule aliyeko Muscat au Minneapolis, asikilizaye redio ya nyumbani usiku kwa simu; kisha ahakikishe kwamba bei ya kurekodi haiwafungi mdomo.