Mama wa nyumbani naye akatiwe bima

“Mke wangu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani.” Hayo ni maneno ya jirani yangu wa Ilala, muuza vitenge Kariakoo. Soko lilipoungua Julai 2021 aliingiwa na hofu, akalikatia duka lake bima ya moto. Pikipiki yake nayo ina bima, maana sheria inamlazimisha. Mama wa watoto wake watatu hakuwa na bima yoyote.

Mwaka jana mama huyo alianguka na bodaboda akitoka sokoni, akavunjika mguu. Wenzake wa kikoba walichanga, ndugu wakaongezea, hospitali ikalipwa. Jirani akadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa miezi mitatu alilipa dada wa kazi, dobi, bajaji ya kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha, na chakula cha mama ntilie siku ambazo dada hakuwahi kupika. Lakini hayo hayakumuumiza kama duka. Mtoto wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa analia usiku kucha akimtaka mama, baba asubuhi anachelewa kufungua. Saa tisa anafunga awahi nyumbani, saa ambayo wateja wa mikoani ndio wanafungasha mizigo. “Kumbe mama Zai ndiye aliyekuwa ananifungulia duka,” aliniambia.

Mahakama ya Rufani ililiona hilo zamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Miaka zaidi ya 40 baadaye bado tunasema “yupo tu”. (Akina baba wanaobaki nyumbani kulea nao wapo, ingawa mtaani wanapewa majina. Haya yanawahusu pia.)

Wengine watajibu: mke wangu yumo kwenye kadi yangu ya bima ya afya. Vizuri. Mwajiriwa anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humwandikisha mwenza wake. Ila kadi hiyo inalipa matibabu, haimlipi dada wa kazi. Na imeshikiliwa na ajira ya mtu mmoja. Michango ikikoma, nyumba nzima inabaki bila kadi.

Ndiyo maana nasema mama awe na bima ya ajali na ya maisha kwa jina lake mwenyewe. Kabla ya kusaini, muulizeni wakala swali moja bila aibu: mtu asiye na mshahara analipwaje akiumia? Kuna fidia zinazokokotolewa kwa mshahara wa kila wiki, na kwa mama wa nyumbani hesabu hiyo inaweza kutoka sifuri. Tafuteni inayolipa kiasi kilichopangwa tangu mwanzo. Kiasi hicho mkipate kwa kuandika kwenye daftari kila kazi anayoifanya na bei ya kumlipa mtu mwingine aifanye, si kwa kukisia. Hakikisheni pia kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA.

Na hati ya bima isifungiwe kwenye droo ya duka. Ikae nyumbani, mama ajue ilipo, na dada yake au shemeji mmoja aonyeshwe.