Tumbusi na mkusanya taka

Najua niliahidi kuendelea na makala ya hifadhidata, lakini wiki hii kuna jambo limenikaa rohoni. Mtanivumilia.

Walioandika Java wanamjua mkusanya taka, ile sehemu inayopita kimyakimya ikifuta kumbukumbu isiyotumika tena. Hakuna mteja aliyewahi kunipigia simu kuisifu. Sasa izime uone. Programu haifi siku hiyo. Hujaa polepole, na siku inapoanguka unalaumu kitu kingine kabisa.

Tumbusi ndiye mkusanya taka wa nyika. Sura hana, nakubali. Lakini utafiti uliofanyika Laikipia na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba mzoga usiofikiwa na tumbusi huchukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na fisi na mbweha hukutana hapo kwa wingi zaidi, wakiwa na nafasi nzuri ya kuambukizana magonjwa.

India walizima mkusanya taka wao bila kujua. Wafugaji waliwapa ng'ombe dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe huyo figo zake zilikufa. Chanzo kiligunduliwa Pakistan mwaka 2004, na India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006, wakati zaidi ya asilimia 95 ya ndege hao walikuwa wameshakwisha. Mizoga ikaoza, mbwa wakazidi, kichaa cha mbwa nacho kikafuata. Wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kati ya 2000 na 2005 kwa sababu hiyo. Nusu milioni, jamani!

Kwetu hakuna bahati mbaya ya dawa. Ni sumu ya makusudi, ila haimlengi tumbusi. Simba akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe hupaka mzoga dawa ya wadudu ya shambani ili simba akirudi afe. Tumbusi hufika kwanza, tena kwa makumi, na mzoga mmoja unaweza kumaliza kundi zima. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Masai Mara idadi yao ilishuka kwa takriban asilimia 60 katika miaka kama 30, kwa mujibu wa utafiti wa 2011.

Hapa ndipo ninapokosana na wenzangu wa tarakilishi. Tukisikia habari hizi tunakimbilia kuwafunga ndege vifaa vya GPS na kuchora ramani za kupendeza. Vifaa hivyo vina kazi yake, sikatai, maana tumbusi asiyesogea huwaonyesha askari wa wanyamapori mzoga wenye sumu ulipo. Lakini wakifika, ndege ameshakufa.

Rafiki yangu wa Narok alipoteza ng'ombe watatu kwa simba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu kudai fidia. Alijaza fomu, akapanga foleni, akaambiwa asubiri. Miaka minne ikapita. Chupa ya sumu haikumtaka asubiri hata siku moja, na nampa heshima kwamba hakuinunua. Nchi inayotuma pesa kwa simu tangu 2007 ingeshindwa vipi kupokea dai kwa simu, likiwa na picha, mahali na tarehe, na mdai akaona limefika meza ya nani? Hiyo ni kazi ya miezi michache kwa vijana wawili watatu. Kilicho kigumu ni bajeti ya kulipa, na hapo wabunge ndio wa kuulizwa.

Richard Turere alikuwa mtoto wa miaka kama 11 pale Kitengela alipounganisha betri ya gari, balbu za tochi na kifaa cha indiketa za pikipiki, taa zikawa zinamulika zamu kwa zamu kuzunguka boma. Simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Ng'ombe wakapona, na boma ambalo ng'ombe wake wamepona halina mzoga wa kupaka sumu.

Nimeanza kuandika ule mfumo wa madai. Anayejua PHP na hana kazi Jumamosi, aniandikie.