Wapime damu yetu kwanza, kisha wahesabu dawa

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto mnaotungojea ku nyumba jioni, leo hatusemi juu ya mishahara. Tunasema juu ya hesabu ya dawa. Msikimbie: hesabu hii mnaijua tayari, juu inafanana na hesabu ya pompe mu shimo.

Wote tuliofanya kazi chini tunajua. Shimo likijaa mayi, injenia hachagui pompe kwa kuangalia tu mayi yaliyosimama. Anauliza tena: kila saa mayi ngapi yanaingia? Akipima mu kiangazi na kuweka pompe ya kiangazi, mvua ya mwezi wa kumi na mbili itazamisha shimo. Pompe haina kosa. Kipimo cha mwanzo ndicho kilibadilika.

Mu damu ni vile vile. Kuna dawa za siku hizi zinazoitwa antikori. Nyingi zimetengenezwa kukamata kitu kimoja tu mu mwili. Chukueni omalizumabu, sindano ya asma kali, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003 na Ulaya mwaka 2005. Inakamata IgE, askari wa damu ambaye anawasha moto mu mapafu ya mgonjwa wa asma ya aleji. Munganga anapata kipimo cha dawa ku mambo mawili: uzito wa mgonjwa, na IgE aliyokuwa nayo mbele ya kuanza. Kwa wiki 4 inahitajika angalau miligramu 0,016 kwa kila kilo ya mwili na kila yuniti ya IgE. Basi mtu wa kilo 60 mwenye IgE 300 atapewa miligramu 300 hivi. Mwenzake wa kilo 60 mwenye IgE 600 atapewa 600 hivi. Uzito ule ule, kazi ile ile, lakini dawa mara mbili.

Hapa ndipo tunaingia sisi. IgE haipandi kwa aleji peke yake. Minyoo ya tumbo nayo inaipandisha, na kwa nguvu. Mu makambi yetu, nani anaweza kuapa kama watoto wake hawana minyoo? Jedwali la dawa hii kwa asma ya watu wazima linaishia ku 700 Marekani, na ku 1.500 Ulaya. Mwenye minyoo anaweza kupita pale, na jedwali linanyamaza. Akinywa dawa ya minyoo, IgE inaweza kushuka pole pole. Akirudi ku matope yale yale, inapanda tena. Sasa munganga ataandika namba gani?

Tena kuna mtego. Mtu akianza sindano, IgE yote mu damu yake inapanda. Haimaanishi dawa imeshindwa. IgE iliyokamatwa na dawa inachelewa kutoka mu mwili kuliko ile yenye kutembea huru. Ile ya huru, yenye kuleta ugonjwa, inapungua; lakini kipimo cha kawaida kinahesabu zote pamoja. Hata kisha kuacha dawa, namba inaweza kubaki juu mpaka mwaka mzima. Kwa hiyo kama hawakupima mbele, wamechelewa. Mwanzo haurudi.

Hatusemi wenye kufanya modeli za dawa ni wajinga. Wanajua kuandika kitu kilichoko mwanzo, mwendo wa kutengenezwa kwake na mwendo wa kutoka. Swali letu ni hili: namba wanazotia mule zinatoka mu damu ya nani? Kule Brazil, watafiti walichukua watu 137 wenye hatari kubwa ya minyoo, wakatangaza matokeo mwaka 2007. Wote walipewa dawa ya minyoo kwanza. Upande wa omalizumabu, 50 kwa 100 walipata minyoo tena. Upande wa sindano isiyo na dawa, 41 kwa 100. Tofauti si kubwa, lakini waliuliza. Tunalomba na huku kwetu waulize.

Wengine watatuambia: dawa hiyo ni ya bei kali, mnalilia kitu kisichofika kwenu. Tunajibu mara mbili. Kwanza, antikori zinaongezeka. Hata za kukinga malaria zimekwisha kujaribiwa Mali. Siku zitafika huku, zitafika pamoja na jedwali lao. Pili, sheria hii ya mwanzo inatugusa leo, ku vizite medikale.

Vumbi ya kobalti inaweza kuleta asma, hilo linajulikana. Na mwaka 2009 watafiti wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mu mkojo kuliko wanaoishi mbali. Ni kusema mwanzo wetu si mwanzo wa mtu wa Ulaya, hata mbele ya kuandikwa kazi.

Mwenzetu mmoja wa konkaseri alianza kubanwa pumzi miaka kisha kuandikwa. Tulipoenda kumtetea, tuliulizwa: “Mnajuaje kama hakuja hivyo?” Hatukuwa na jibu. Fishi yake ya siku ya kwanza ilikuwa na uzito, macho na sahihi, paka hivyo.

Kwa hiyo tunalomba mambo matatu. Kila mfanyakazi, hata wa sutiretansi, apimwe pumzi, damu na mkojo mbele ya kuanza kazi, na arudiliwe kila mwaka. Kopi apewe yeye mwenyewe. Na mtu asidanganywe kama sindano itachukua nafasi ya kumwagilia vumbi na kutoa maski nzuri: pompe haisimamishi mvua.

Wewe unayeandikwa kazi kesho, usitie sahihi mbele ya kupuliza mu mashini ya pumzi. Kopi yako iweke ku nyumba, pamoja na karatasi za watoto. Siku moja itakusemea.