Nani Kasema Tundu Dogo ni la Tajiri?

Yapo maneno ambayo yakisemwa kwa upole huonekana kuwa busara, kumbe ni ukatili uliovishwa kanzu. Mojawapo nimelisikia mikutanoni, maofisini na hata barazani: kwamba upasuaji wa ndani ya ubongo kwa njia ya tundu dogo ni anasa ya nchi tajiri, sisi tutosheke kwanza na vyandarua na vidonge, na hayo mengine yatakuja tukishaendelea. Ndugu msomaji, neno hili nalipinga, wala shahidi wangu hatoki Ulaya. Anatoka Mbale, mashariki mwa Uganda, karibu na Mlima Elgon.

Tumtazame mtoto mwenye kichwa kikubwa. Ndani kabisa ya ubongo mna vyumba ambamo maji hutengenezwa na kupita. Njia ikiziba maji hujaa, ubongo hubanwa, na kichwa hufutuka kwa kuwa mifupa ya fuvu haijaungana bado. Dawa iliyozoeleka tangu miaka ya 1950 ni mrija unaolazwa chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yapungue. Mrija huo umeokoa wengi, nami siubezi. Lakini huziba, na huingiwa na vijidudu. Huko Marekani kwenyewe, kiasi cha 4 katika kila 10 huharibika kabla ya mwaka kwisha.

Sasa pima mwenyewe. Mrija ukiziba mjini Boston, mama huita gari la wagonjwa. Ukiziba kijijini wakati wa masika, mto umefurika na basi halipiti, mtoto hutapika, husinzia, kisha haamki tena. Ni nani basi mwenye haja zaidi ya tiba isiyoacha kifaa mwilini: tajiri wa Boston au mkulima wa Mbale?

Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE hapo Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000, alilijibu swali hilo kwa mikono yake. Alipitisha endoskopi, bomba jembamba lenye taa, kwenye tundu dogo hadi chumba cha tatu cha ubongo, akatoboa sakafu yake ili maji yapate pa kutokea. Kisha akaunguza nyama inayoyatengeneza maji hayo. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 katika kila 100. Kutoboa pamoja na kuunguza, 66. Baadaye ujuzi huo ukasafiri kutoka Mbale kwenda Boston. Naam, safari hii mwanafunzi alikuwa tajiri.

Wapinzani hunitajia utafiti wa mwaka 2017, uliofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100. Vema, tuusome wote. Baada ya mwaka mmoja haukuona tofauti ya maana katika ukuaji wa akili kati ya waliotiwa mrija na waliotibiwa kwa endoskopi. Endoskopi ilishindwa kwa 35 katika kila 100 na mrija kwa 24, nayo takwimu hazikuthibitisha kuwa hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini endoskopi ikishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, mtoto angali chini ya uangalizi. Mrija waweza kuziba baada ya miaka kumi, mtoto akiwa darasani. Mwaka mmoja hauwezi kuuhesabu mzigo huo.

Ama hoja ya vyandarua na kinga, mimi sigombani nayo. Zaidi ya nusu ya watoto wa Mbale waliupata ugonjwa huu baada ya maambukizi ya utotoni. Kwa hiyo sabuni na maji safi chumba cha kuzalishia ni sehemu ya tiba hii hii. Ninachokataa ni kufanya kinga kuwa kisingizio cha kumnyima aliyekwisha kuugua. Ajabu ni kwamba wanaotuhubiria subira, wakiumwa wao hupanda ndege kwenda India.

Maskini na mwanawe, tajiri na mali yake, walisema wazee. Nadai mambo mawili, wala si makubwa. Kliniki ambako mtoto hupimwa uzito, apimwe na kichwa pia kwa futi kama ya fundi cherehani, kila mwezi, na kinachokua upesi kipewe rufaa siku hiyo hiyo. Na kila hospitali ya rufaa iwe na endoskopi na daktari aliyefundishwa kuitumia. Mwenye kuniambia fedha hazipo, anionyeshe kwanza hesabu ya tiketi za India.