Barua ya kuomba masta ianzie kwenye chupa za Ruzizi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Bukavu alinifikia nyumbani na karatasi mbili mkononi. Amemaliza masomo ya uhandisi wa umeme, sasa ni mwaka wa tatu hana kazi ya kudumu, na anaomba bursi akasome masta ya nishati inje ya inchi. Aliniomba nimsahihishie Kifaransa cha barua yake ya motivasio. Niliisoma kwa mwangaza wa simu, maana umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili ya jioni. Barua ilianza kwa kusema kwamba tangu utoto anapenda sana nishati mbadala na anataka kuchangia maendeleo endelevu ya Afrika.

Nikamuuliza: "Mdogo wangu, umeme huu umekatika juu ya nini?"

"Ah, mukubwa, ni wao tu. Wamekata."

Miaka mitano ya chuo kikuu, na jibu lake ni lile lile la mama anayeuza makala kando ya barabara. Simcheki. Na mimi nilikuwa hivyo. Lakini hapo ndipo ninaona kasoro ya barua nyingi ambazo vijana wetu wanaandika. Ukiondoa jina na tarehe, ile barua ingeweza kuandikwa na kijana wa Dakar au wa Lima. Anayezisoma huko ana mafungu ya barua za namna hiyo mezani. Na kukosa bursi si hasara kubwa zaidi. Hasara kubwa ni kuipata, kwenda miaka miwili bila swali lolote, na kurudi na cheti tu.

Maswali tunayo hapa hapa. Mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu, kando ya mji wetu. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwisho wa miaka ya 1950, na uwezo wake ni karibu megawati 30. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, karibu megawati 44, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Sasa tuangalie kinachofika pale. Mvua inaponyesha, takataka za vilima vya Bukavu zinashuka ziwani kupitia mifereji, na maji ya ziwa yanazisukuma hadi mlangoni mwa bwawa: chupa za plastiki, mifuko, viatu, majani. Zinaziba njia ya maji ya turbini. Wapiga mbizi wanalazimika kuingia majini kuziondoa kwa mikono, na wakati huo mashine zinasimama au zinafanya kazi nusu. Mara ngapi giza letu linatokana na chupa ambayo sisi wenyewe tuliitupa mferejini?

Kijana wangu hakuwahi kwenda kuangalia. Kutoka kwao hadi bwawani si safari ya siku nzima.

Wengine watasema kwamba hilo ni jambo la ufagio, si la masta. Hapana. Ni vyuma vya namna gani viwekwe mbele ya maji ili vizuie takataka bila kupunguza nguvu ya mto? Mashine za miaka zaidi ya 60 zikarabatiwe au zibadilishwe, na kwa hesabu gani? Maji ya mto yale yale yakitumiwa na bwawa la juu, la chini linayapata saa ngapi? Mradi wa Ruzizi III, wa megawati zaidi ya 200, umezungumziwa miaka mingi. Siku utakaposimama, kuna watu watakaokaa mezani kupanga mgawo wa maji kwa niaba ya inchi tatu. Ningependa upande wetu uwe na mtu anayejua kupiga hesabu hiyo mwenyewe.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Chini kabisa, kwenye kina cha mita zaidi ya 250, maji yamebeba gesi ya metani na gesi ya kaboni nyingi sana. Wenzetu wa ng'ambo, mbele ya Karongi, wamekuwa wakizalisha megawati 26 kutokana na gesi hiyo tangu miaka kumi hivi. Bomba linashushwa, maji yanapanda, mkandamizo unapungua, gesi inajitenga kama unapofungua chupa ya limonadi. Maji yaliyobaki yanarudishwa chini. Lakini yarudishwe kina gani? Ukikosea, unavuruga tabaka za maji zinazoifungia gesi huko chini. Watu wa Kamerun wanajua maana yake: mwaka 1986 ziwa Nyos lilitoa gesi ya kaboni usiku na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa letu ni kubwa kupita hilo mara nyingi, na Goma na Bukavu ziko kandoni mwake. Je, tuna wahandisi wangapi ambao wanaweza kusoma mpango wa kampuni ya kuchota gesi na kuuambia mji kama ni salama au la? Kwangu mimi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kurudi darasani.

Wasomaji wa Katanga nao wana lao. Tangu miaka ya 1980 waya za kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, zinapita juu ya vijiji vyenye giza. Watu wanadhani ni dharau tu. Sehemu moja ya sababu ni ya kiufundi: umeme ule ni wa mkondo mmoja, na transfoma ya kawaida haiwezi kuushusha. Inahitaji kituo cha kuubadilisha, na kituo hicho ni gali sana. Kutafuta njia ya bei nafuu ni kazi ya masta, hata ya daktora.

Najua jibu la wazazi: atasoma, kisha nani atampa kazi bila undugu? Ni kweli, mlango ni mwembamba, na vita imeufanya mwembamba zaidi. Lakini si mmoja tena. Sheria ya Juni 2014 ilifungulia watu binafsi sekta ya umeme, na bwawa la Matebe kule Rutshuru, la megawati 13 hivi, si la kampuni ya serikali. Serikali, kwa upande wake, haina sababu ya kujisifu: kumfundisha mhandisi bila maabara ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni.

Na nisiwadanganye. Kama unachokimbia ni ukosefu wa kazi tu, usiwauzishe wazazi kiwanja. Mwaka mmoja na mafundi wa laini, ukipanda nguzo, unaweza kukufaa kuliko cheti cha pili. Na kama kweli unataka kwenda, anza Kiingereza leo; vyuo vingi vya nishati, hata hapa Afrika, havifundishi kwa Kifaransa.

Kijana alirudi jana jioni, viatu vimejaa matope. Barua ni ukurasa mmoja sasa. Inaanza na asubuhi aliyokaa karibu na bwawa akihesabu chupa zinazopita kwa dakika kumi, na swali lake ni juu ya vile vyuma. Nimesahihisha makosa manne ya Kifaransa. Faili inaondoka Jumatatu, umeme ukikuwepo wa kuituma.