FUNDI WA NYUMBANI: Mpini Mpya kwa Kibano cha Zamani



Katika karakana nyingi za useremala, mijini na vijijini, twaona jambo moja la kusikitisha: kibano kizima kimetupwa pembeni kwa sababu mpini wake umevunjika. Chuma chake ni imara, parafujo yake ina meno yote, taya zake hazikupinda. Kilichokufa ni kipande cha mti kisichozidi urefu wa kiganja. Juma hili tutaeleza namna ya kukirudishia kibano hicho uhai kwa vitu vilivyomo nyumbani, pasipo kununua kitu, au kwa gharama ndogo tu.

Kibano, ambacho wengine hukiita klampu, ni kile chombo chenye taya mbili ambacho seremala hukitumia kubana mbao pamoja mpaka gundi ishike. Gundi haina nguvu mahali ambapo mbao hazikugusana sawasawa. Basi fundi asiye na mpini hufanya nini? Mara nyingine huizungusha parafujo kwa koleo, na koleo huula ule mwisho wa chuma mpaka uwe mviringo usioshikika. Mara nyingine huacha kubana kabisa, akapiga misumari mahali pa gundi. Kiti cha namna hiyo hupendeza siku ya kuuzwa. Baada ya miezi michache miguu yake yaanza kucheza, msumari watoa kichwa, mtoto achanika nguo au mzee aanguka nacho. Mwenye kiti harudi tena kwa fundi yule, wala hamtumi jirani yake. Hivyo hasara ya mpini mmoja yawa hasara ya jina la fundi, na jina ndilo mtaji wa kijana aliyetoka shule ya ufundi na vyombo vinne au vitano tu.

Kwa nini mpini uwe mnene?

Kabla ya kuchonga, yafaa kufahamu kazi ya mpini. Tuseme parafujo ya kibano chako husogea milimita 2 kila inapozungushwa mara moja. Mpini wenye upana wa sentimita 3 una mzingo wa milimita 94 hivi. Maana yake, mkono wasafiri milimita 94 ili taya isogee milimita 2, na nguvu ya mkono yazidishwa mara 47. Mpini wa sentimita 5 una mzingo wa milimita 157, na nguvu yazidishwa mara 78. Kweli sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea kwa sababu ya msuguano wa meno ya parafujo. Hata hivyo tofauti kati ya mpini mwembamba na mpini mnene yabaki palepale. Ndiyo sababu mwanafunzi mwenye mikono midogo aweza kubana vizuri kuliko mtu mzima, mradi mpini wake uwe na unene wa kutosha.

Lakini usipite kiasi. Mpini mnene mno haushikiki, na mpini mrefu mno wa kukingama huweza kuipinda parafujo. Unene wa sentimita 3 hadi 4 wafaa kwa kazi nyingi.

Mti wa kuchagua

Tazama nyumbani kwako. Mpini wa jembe uliovunjika, mchi uliopasuka mwisho mmoja, mguu wa kiti cha zamani, mwiko mkubwa wa ugali usiotumika tena: vyote hivyo vina faida ambayo mti mbichi hauna. Vimekwisha kukauka kwa miaka mingi. Mti mbichi ukitengenezwa mpini leo, hunywea unapokauka, tundu hubadilika umbo, na nyufa hutokea. Mti uliokaa jikoni karibu na moshi umekwisha kumaliza kunywea kwake.

Kama huna kitu cha namna hiyo, tawi kavu la mpera au la mkahawa lafaa sana, kwa kuwa miti hiyo ni migumu na haipasuki upesi. Vilevile mabaki ya mvule. Chagua mahali pasipo na fundo, na nyuzi za mti ziende moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Tena tuwaonye vijana: mchi wa mama hauwi mbovu kwa kuwa wewe wautaka. Uliza kwanza.

Njia ya kwanza: mpini wa mti

Kata kipande cha sentimita 11 au 12. Ili kupata katikati ya ncha yake, isimamishe juu ya karatasi, uchore duara kuizunguka, kata duara hilo, kisha ulikunje mara mbili. Mahali mikunjo inapokutana ndipo katikati. Weka karatasi juu ya ncha, utie alama kwa msumari.

Toboa tundu kwa keekee, kina cha sentimita 5, upana uwe sawa na chuma cha parafujo. Asiye na keekee na atumie desturi ya wazee: apashe moto ncha ya fito ya chuma mpaka iwe nyekundu, aitie kidogo kidogo, akikwangua makaa kila mara. Fito ikae muda mfupi tu, maana moto ukizidi huudhoofisha mti ulio kando ya tundu. Toboa kabla ya kuchonga umbo la nje. Ukitangulia kuchonga na tundu likaenda upande, kazi yote imepotea. Lakini tundu likitangulia, waweza kuchonga mpini ulizunguke.

Sasa chukua tupa, usawazishe pande mbili za ule mwisho wa chuma, kidogo tu, ili usiwe mviringo kamili. Jambo hili ni la lazima. Chuma cha mviringo ndani ya tundu la mviringo siku moja kitazunguka peke yake, mpini ukabaki mkononi. Futa mafuta yote kwenye chuma, tia tunduni ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, sukuma chuma mpaka mwisho, kisha uache kwa muda wa saa 24. Mahali palipopigwa tupa patajaa gundi, nayo ikikauka itakuwa kama kabari.

Shingo ya mpini, mahali chuma kinapoingia, ndipo nyufa huanzia. Ifunge kwa waya wa shaba uliozungushwa mara kumi na kukazwa, au kwa pete iliyokatwa kwenye kipande cha bomba. Mpini usio na pete hupasuka siku unapouhitaji zaidi.

Njia ya pili: msumari wa kukingama

Vibano vingine havina mpini wa mti; kichwa cha parafujo kina tundu, na ndani yake hupita fito ndogo ya chuma. Fito hiyo ikipotea, tafuta msumari wa inchi 6 unaopita tunduni bila kubanwa. Kichwa chake chauzuia kutoka upande mmoja. Kata ncha kali, kisha uzibe upande wa pili kwa kile kigurudumu cha mbao kilichokuwa kikizungushiwa uzi wa cherehani zamani, ukikishika kwa gundi. Pasipo kigurudumu, pasha moto mwisho wa msumari, uuponde kwa nyundo mpaka utanuke.

Mtu atauliza: je, msumari si laini mno? Ulaini wake ndio ulinzi. Ukikaza kupita kiasi, msumari utapinda kabla parafujo haijaharibika, na msumari mwingine wapatikana kwa urahisi kuliko parafujo. Kwa hiyo usiweke fito ya chuma kigumu mahali pake, wala usivike bomba juu yake ili kuongeza urefu.

Njia ya tatu: kifuniko cha chupa

Kwa kibano kidogo ulichokitengeneza mwenyewe kwa bolti ya milimita 8, kifuniko cha plastiki chenye upana wa sentimita 4 au 5 chafaa kuwa kishikio. Kichwa cha bolti hiyo kina upana wa milimita 13, nacho kina pembe sita, kwa hiyo hakizunguki kikishashikwa. Kilaze kifuniko chali, simamisha bolti katikati kichwa kikiwa chini, kisha ujaze gundi ya mirija miwili iliyochanganywa na unga mkavu wa msumeno.

Angalia: plastiki ya vifuniko haishikwi vizuri na gundi. Kwa sababu hiyo toboa kwanza vitundu vinne au vitano ubavuni mwa kifuniko, gundi ipite humo na kujifunga yenyewe. Kishikio hiki ni cha kazi nyepesi: fremu za picha, visanduku, vitu vya kuchezea watoto. Usikitumie kwa miguu ya meza.

Mkono usiteleze

Wakati wa joto mkono hutoa jasho, na mpini laini huteleza. Kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa sentimita 2, uuvute huku ukiuzungusha juu ya mpini, na mwisho wake uupitishe chini ya mizunguko miwili ya mwisho. Au vika mpira wa mkono wa usukani wa baiskeli. Mpira huo hutengenezwa kwa bomba la milimita 22, basi chonga mti wako kwa kipimo hicho. Ulowanishe kwa maji ya sabuni nao utaingia. Maji yakikauka hautatoka upesi.

Kibano kikisharudi kazini

Meno ya parafujo yapakwe nta kidogo, ya nyuki au ya mshumaa. Mafuta mengi hudondoka juu ya mbao, na mahali penye mafuta gundi haishiki. Weka kipande cha ubao chini ya kila taya ili chuma kisiache alama. Kaza mpaka gundi ichungulie kwa mstari mwembamba pande zote za kiungo, kisha uache. Gundi nyeupe ya mbao ibanwe kwa muda wa saa moja, na kiti kisikaliwe kabla ya saa 24 kupita.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Nasi twasema: asiyetengeneza chombo chake hatatengeneza vema cha mwenzake. Mnunuzi aingiapo karakana hutazama ukutani kabla ya kutazama kiti. Akiona vibano vimetundikwa safu moja, kila kimoja na mpini wake imara, ajua kwamba mwenye mikono hii hataficha ufa kwa rangi. Akiviona sakafuni vimekatika, naye ajua.

Wanafunzi waanze na njia ya pili, iliyo rahisi kuliko zote. Juma lijalo tutaeleza namna ya kunoa meno ya msumeno kwa tupa ya pembe tatu.