Mtoto asiyeona naye atambae

Mhariri,

Mpwa wangu, hapa Kimironko, haoni tangu azaliwe. Alichelewa kutambaa, majirani wakadhani miguu ina kasoro. Miguu ni mizima! Mtoto anayeona hujivuta kufuata kilichomvutia macho. Asiyeona hana kinachomwita mbele, na huchukua miezi mingi kutambua kwamba panapolia sauti pana kitu cha kushika. Nasi, kwa huruma na hofu ya ngazi na mitaro ya vilima vya Kigali, tulimbeba mgongoni kutwa, misuli ikakosa kazi. Alianza kutambaa pale mama yake alipokuwa akimtikisia kayamba hatua mbili mbele yake, kila siku.

Naomba wauguzi wa vituo vya afya wawafundishe wazazi hili mapema, siku za chanjo.

Shangazi mtu,
Kimironko, Kigali